Fedha ya Moscow, Sonara wa Ngara

Katika nyumba za mtaa wa Ngara, Nairobi, za miaka ya sabini hukuwa na haja ya kumuuliza mwenye nyumba alisomea wapi. Ulitazama kabati la vyombo sebuleni, ukajua. Aliyerudi kutoka Uingereza alikuwa na birika la chai linalometameta na seti ya vikombe visivyoguswa ila Krismasi. Aliyetoka India alikuwa na sinia za shaba. Mjomba wangu alikuwa na vishikio viwili vya glasi kutoka Muungano wa Kisovieti, vyeupe, vizito kuliko unavyodhani kwa kuvitazama, kila kimoja na mkono wa kushikia, kuta zake zimetobolewa nakshi za nyota, na roketi ikipaa katikati. Glasi ya chai hutumbukizwa humo, nawe unashika mkono wa chombo bila kuigusa glasi. Warusi hukiita podstakannik. Mama yangu, ambaye ndiye dada mkubwa wa mjomba, alisema ni fedha tupu, na ukoo mzima kule Nyanza ukaamini.

Nilivikuta kabatini nilipotumwa Nairobi kukaa na mjomba ili nisome Jamhuri, shule iliyoanza mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa Wahindi wa reli. Mjomba alikuwa amepanga vyumba viwili karibu na Park Road, katika mojawapo ya zile nyumba za mawe zenye ua wa ndani na mfereji mmoja unaogombewa na wapangaji wote. Ngara ilikuwa imebadilika upesi. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwafanya Wahindi wengi wenye pasipoti za Uingereza wafunge virago, wengine wakasogea Parklands, na vyumba vyao vikaanza kupokea watu kama sisi: makarani, walimu, na wahandisi wasio na kazi ya uhandisi.

Mjomba alikuwa katika kundi hilo la mwisho. Aliondoka nchini mwaka 1962, kabla ya uhuru, kwa njia iliyokuwa ikijulikana na vijana wa wakati ule: Kampala, Juba, Khartoum, Cairo, kisha ndege. Wakati wenzao walikuwa wakisafirishwa kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya, hawa walikuwa wametafutiwa nafasi na Jaramogi Oginga Odinga katika nchi za kisoshalisti. Chuo kilichompokea kilianzishwa Februari 1960 kwa jina la Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa. Mwaka uliofuata, Patrice Lumumba alipouawa, kikapewa jina lake. Mwaka wa kwanza wanafunzi walisoma Kirusi, ndipo wakaingia katika fani zao. Mjomba alichukua uhandisi.

Hakuwa mtu wa kusimulia baridi. Nimewasikia wengi waliosomea huko, na kila mmoja huanza na theluji. Mjomba alianza na treni. Likizo za chuo zilimpeleka Leningrad, Kiev, na hata Tashkent, safari za kulala njiani, na katika kila behewa, mwishoni, kulikuwa na tangi la maji yanayochemka kwa moto wa makaa. Mhudumu wa behewa, mara nyingi mama wa makamo, alipita na chai. Alibeba glasi kadhaa kwa kila mkono, mikono ya vishikio imebanwa pamoja kati ya vidole vyake, behewa linayumba, na chai haimwagiki. Sukari ilikuja kwa vipande vilivyofungwa karatasi. Ulilipa kopeki chache.

“Hakuniuliza natoka wapi,” mjomba alikuwa akisema. “Aliniuliza nataka glasi ngapi.”

Sentensi hiyo niliisikia mara nyingi mno, na nilikawia kuielewa. Niliielewa nilipoanza kusafiri mwenyewe kwa treni ya Kisumu. Reli yetu na reli kuu ya Warusi ni za rika moja: ile ya Siberia ilianza kujengwa 1891, ya kwetu ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani 1901. Lakini chai ya treni yetu ilikuwa na daraja. Ilinywewa katika behewa la kulia chakula, juu ya kitambaa cheupe, kwa vikombe na visosa na mabirika yanayong'aa. Sisi wa daraja la tatu tulichungulia dirishani kila treni iliposimama, tukanunua mahindi, ndizi na chai ya chupa kwa kina mama wa stesheni. Kule kwa mjomba chai ilimfuata abiria alipoketi, awe amelala kwenye godoro laini au kwenye ubao mtupu.

Sisemi kwamba nchi ile ilikuwa pepo. Mjomba mwenyewe hakusema hivyo. Foleni za mkate na watu waliomkodolea macho barabarani alivitaja vilevile. Ila kwenye habari ya chai ya treni hakukubali kupingwa.

Zamani, kabla ya treni, vishikio hivi vilikuwa vyombo vya nyumba za wenye nazo. Urusi ya karne ya 18 ilikuwa na desturi kwamba wanawake hunywea chai kwenye vikombe na wanaume kwenye glasi, na glasi ya chai moto haishikiki. Mafundi wakatengeneza gamba la chuma la kuivalisha. Matajiri walitengenezewa kwa fedha yenye muhuri wa 84, maana Warusi wa kale waligawa fedha kwa sehemu 96, na 84 kati yake ndiyo iliyokuwa fedha yenyewe. Reli zilipotanda mwishoni mwa karne ya 19, kishikio kikaingia mabehewani, kikatoka katika kabati la bwana na kuwa chombo cha abiria yeyote. Wakati wa Wasovieti kiwanda cha Kolchugino, mashariki ya Moscow, kilivifyatua kwa wingi, na kila tukio kubwa likachorwa ubavuni. Sputnik ilipaa Oktoba 1957, ikachorwa. Gagarin akapaa Aprili 1961, naye akachorwa. Ndiyo maana vya mjomba vilikuwa na roketi. Nikiwa mtoto nilidhani roketi ni mambo ya Warusi na Wamarekani tu, hadi mjomba aliponionyesha kwenye ramani mahali karibu na Malindi ambapo Desemba 12, 1970, Waitaliano walirusha setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wetu. Alifurahishwa sana na jambo hilo. Nadhani lilimpa haki ya kuiweka roketi yake sebuleni.

Jumapili alasiri alivitoa. Hakuwa na samova, lile birika kubwa la Warusi la kuchemshia maji. Alikuwa na sufuria na jiko la makaa uani. Alikoroga chai nzito katika kibirika kidogo, akamimina kidogo kwenye glasi, kisha akaongeza maji ya moto mpaka rangi ikamridhisha. Kipande cha limau. Jamu ya kopo pembeni, ya kulambwa kwa kijiko. Alilalamika kwamba majani ya Kenya yamesagwa mno, yanatoa rangi kabla hujageuka, ilhali Warusi wanapenda jani zima linalofunguka taratibu. Kwa hiyo alipima kwa ncha ya kijiko kama anayepima dawa.

Majirani waliona mambo. Ngara ilikuwa imerithi chai ya Wahindi, inayochemshwa pamoja na maziwa, tangawizi na iliki mpaka inapanda juu ya sufuria. Turungi, yaani chai isiyo na maziwa, ilikuwa chai ya mwisho wa mwezi. Kumpa mgeni turungi, hata katika chombo kinachong'aa, kulikuwa kumwambia kwamba hali ni mbaya. Na kwa kweli hali ilikuwa mbaya, lakini mjomba hakunywa turungi kwa sababu hiyo. Vishikio vilikuwa viwili, na sheria yake ilikuwa moja: mgeni hupewa kishikio. Wakija wageni wawili, yeye alikunywa kwa kikombe cha bati.

Halafu glasi zenyewe. Zile za asili, nyembamba za kuta zilizonyooka, moja ilivunjika njiani na nyingine ilivunjwa na mimi wakati wa kuosha. Glasi za Nairobi zilikuwa nene na za kupanuka juu, zikakwama nusu. Tulizunguka soko la Ngara na maduka ya Biashara Street tukiwa na kishikio kwenye mfuko wa kaki, tukijaribisha glasi moja baada ya nyingine huku wauzaji wakitutazama. Zilizokaribia kuenea zilicheza ndani. Mjomba akakata ukanda wa ngozi kutoka kiatu kuukuu, akauzungusha ndani ya kila kishikio, na glasi zikatulia. Ukichungulia kwenye matundu ya nakshi, nyuma ya nyota, uliona ngozi ya kiatu.

Sasa nifike kwenye jambo la fedha. Nilipokuwa kidato cha tatu karo ilikwama. Mama aliandika barua kutoka nyumbani kwamba haoni kwa nini mtoto afukuzwe shule na mjomba wake ana fedha kabatini, auze kimoja. Mjomba aliisoma barua, akaikunja, akakifunga kishikio kimoja kwa gazeti na kunipa. “Nenda kwa sonara,” alisema. “Msikilize, usibishane naye.”

Sonara alikuwa mzee wa Kigujarati, miongoni mwa waliobaki, mwenye kiduka chembamba Ngara Road. Alikigeuza kishikio akatafuta muhuri. Alitazamia 925, kiwango cha fedha ya Waingereza, au 875 yenye nyota, muhuri wa fedha ya Wasovieti. 875 ni ile ile 84 ya kale, imehesabiwa kwa elfu. Hakukuwa na tarakimu ya aina hiyo, ila herufi tatu tu za Kirusi. Akachukua tupa, akakwangua kidogo chini ya kitako mahali pasipoonekana, akadondoshea tindikali. Tone likabubujika na kuwa kijani.

“Si fedha, kijana. Shaba, nikeli na zinki. Juu kuna fedha nyembamba tu.”

Nilimshukuru kwa heshima nikaanza kukifunga tena, lakini mzee alikuwa na muda, na nafikiri alinihurumia. Akavuta mtoto wa meza akatoa vijiko, uma na kifuniko cha birika, vyote vimechongwa alama ya reli ya Afrika Mashariki. Vilikuwa vitu vya kwenye mabehewa ya kulia chakula, vilivyomfikia kwa njia ambazo sikuuliza. Akaniambia nitazame: chini ya uma palikuwa pamekwanguliwa vilevile, na rangi ya ndani ilikuwa ile ile, ya kijivu yenye unjano kwa mbali. Shaba, nikeli, zinki, na fedha nyembamba juu. Chuma cha Sheffield, Uingereza, na chuma cha Kolchugino vilikuwa ndugu wa damu. Watu wa Ngara walimletea mabirika ya Kiingereza waliyoyalinda maisha yote, akasema, na wengine walitoka dukani wakilia.

Kisha akafanya jambo ambalo mwalimu wangu wa fizikia hakuwahi kulifanya. Akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, akatia kijiko cha fedha halisi na kijiko cha reli, akaniambia nivishike vyote viwili. Cha fedha halisi nilikiachia mara moja. Fedha ndiyo metali inayopitisha joto kuliko metali nyingine zote. Mchanganyiko wa shaba na nikeli hupitisha sehemu ndogo tu ya joto hilo. “Tajiri ananunua ya fedha kwa kuonyesha,” mzee alisema. “Anayebeba chai moto anataka hii.”

Nilirudi na kishikio kwapani. Mjomba alikuwa uani anaosha shati. Hakuniuliza bei. Aliuliza, “Alikuonyesha vijiko?”

Alishawahi kwenda huko mwenyewe, miaka mingi kabla yangu. Karo ililipwa kwa ng'ombe wa mama, na mama hakuambiwa aliyoyasema sonara mpaka nilipomaliza shule.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nikaona kwamba kilichopimwa kwenye kiduka kile hakikuwa chombo tu. Mjomba aliporudi, cheti chake kilikwanguliwa namna hiyo hiyo. Ofisi moja ilimwambia asubiri, shahada za huko bado zinachunguzwa. Nyingine ilimpa kazi ya kuchora ramani za wengine. Hakuna aliyempa daraja achore mwenyewe ili waone kama litasimama. Jaramogi alipojiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 na kuunda chama cha upinzani cha KPU, swali la uhandisi likageuka kuwa swali la siasa. Kisha ikaja Oktoba 25, 1969. Hospitali kubwa iliyojengwa na Wasovieti mjini Kisumu ilikuwa inafunguliwa na Mzee Kenyatta, maneno yakarushwa kati yake na Jaramogi hadharani, umati ukafura, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku siku chache baadaye. Tangu hapo mwenye cheti cha Moscow alikitaja kwa sauti ya chini. Hospitali yenyewe iliendelea kutibu watu, na hadi leo watu wa Kisumu wanaiita Russia, ingawa sasa ubao wake unabeba jina la Jaramogi.

Walioshika birika la Kiingereza hawakukwanguliwa. Ndiyo kasoro niliyoiona Ngara, na bado naiona katika ofisi za Nairobi. Kwetu kitu cha London kilikuwa fedha mpaka ithibitike si fedha, na cha Moscow kilikuwa bati mpaka ithibitike si bati, ilhali vyote viwili vilitoka katika mchanganyiko mmoja. Tangu siku ya sonara nimejizoeza, nikiletewa mtu au kitu, kuanza na kazi: hiki kimetengenezwa kifanye nini, na kinaifanya? Muhuri nautazama baadaye. Katika kazi yangu ya kuajiri nimewapata watu wazuri sana kwa njia hiyo, baadhi yao kutoka vyuo ambavyo wenzangu hawakuweza kuvitamka.

Mjomba hatimaye alipata kazi ya mifereji ya maji, mbali na Nairobi, chini ya mkandarasi aliyekuwa na haraka kiasi cha kutouliza cheti kimetoka wapi. Mabomba yake yanapitisha maji mpaka sasa.

Ngara ya leo nafika kununua vioo vya simu. Nyumba nyingi za ua zimeshakuwa vibanda vya maduka, sinema ya Shan imekuwa ukumbi wa wanasarakasi, na karibu na soko la Fagia chai inapita kwenye chupa mkononi mwa dada anayemimina kwa vikombe vya plastiki. Ni chai nzuri, ya maziwa, na haina daraja. Kila mwenye kibanda anakunywa ile ile. Katika Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, unaweza kuviona vyombo vya mabehewa ya zamani nyuma ya kioo. Kule Urusi vishikio havijaenda makumbusho. Abiria bado anapelekewa chai ndani yake, na huenda majani yenyewe yakawa ya Kericho au Murang'a, kwa sababu Warusi ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai yetu kwenye mnada wa Mombasa.

Kishikio kimoja anacho binamu yangu. Kingine ninacho mimi, pamoja na ukanda wa ngozi, na nakiri nakinywea chai ya maziwa, jambo ambalo mjomba angelichukia.

Chuo chake kiliacha jina la Lumumba mwaka 1992 na kulirudisha mwaka 2023. Wale waliokiendea kwa njia ya Juba na Cairo sasa wamepita umri wa miaka themanini, na wengi wao hatunao. Historia zetu zimeandika vizuri habari za ndege za Mboya. Za hawa wengine zimeandikwa kidogo. Kama kwenu yuko mmoja, au ameacha kabatini kitu chenye herufi za Kirusi, kaeni naye au na mjane wake wiki hii. Muulizeni alipanda treni gani, nani alimpa chombo hicho, na aliporudi nyumbani walimpa kazi gani. Andikeni majibu yake kwa majina na miaka, na nakala moja ipelekeni Hifadhi ya Nyaraka pale Moi Avenue.